Umri Umeongezeka, Miguu Je?

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Wazee wetu mnaotusikiliza, leo tunazungumza nanyi, pamoja na watoto na wajukuu mnaoishi nao.

Watu duniani sasa wanaishi miaka mingi kuliko zamani. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2000 wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka 67 hivi. Mwaka 2019 ulifika 73. Hiyo ni habari njema. Lakini miaka ya kuishi na afya njema ilitoka 58 hivi hadi karibu 64 tu. Yaani bado miaka tisa au kumi inaliwa na maradhi na ulemavu.

Je, uzee lazima ulete ulemavu? Hapana. Huko Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, wazee waliishi zaidi, na bado sehemu ya wasioweza kujihudumia ilipungua. Mtoto wa jicho alifanyiwa upasuaji, maradhi ya moyo yalitibiwa mapema, na vifaa vya kujisaidia vilipatikana kwa urahisi zaidi.

Sasa tutazame hapa kambini. Bibi anaumwa goti. Anaacha kwenda bombani. Kisha anaacha kwenda kusali, kwa sababu njia ina matope. Kisha anakunywa maji kidogo ili asiende chooni, maana hakuna pa kushika. Misuli inalegea. Baada ya miezi michache hawezi kusimama, na sisi tunasema: "Ni uzee." Kumbe ulianza kwa goti na njia mbovu. Siku ya uhakiki hayupo kwenye foleni, na asiyeonekana ni rahisi kusahauliwa.

Tufanye nini?

Kwanza, mzee asikae tu. Kila siku ainuke kitini na kukaa tena mara kadhaa, polepole, mtu akiwa karibu naye. Miguu isiyotumika hupoteza nguvu.

Pili, mkongojo ushikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Mzee akisimama wima mkono ukining'inia, kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono.

Tatu, mzee apimwe shinikizo la damu na sukari kwenye zahanati. Shinikizo la damu lisilotibiwa huleta kiharusi. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakivurugika, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Na mboni ikiwa na weupe, usimwekee dawa za mitishamba jichoni. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Nne, vijana, hii ni kazi yenu. Wekeni kamba au mti imara wa kushika kutoka mlangoni hadi chooni. Fukieni mashimo. Ondoeni vitu vya kujikwaa, na usiku taa iwe karibu na kitanda.

Tano, mzee asiyeweza kufika kwenye mgao, mwambieni kiongozi wenu wa eneo na wahudumu wa afya. Waulizeni jinsi ya kuandikisha mtu wa kumpokelea. Awe mtu anayemwamini mzee mwenyewe. Chakula kikifika nyumbani, mzee akione. Msisubiri siku ya mgao ndipo mseme.

Huku si kuomba fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka watu hao walindwe hata wakati wa vita na majanga.

Wazee, semeni mapema. Goti linalouma leo si aibu kulitaja.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wasikilizaji: Ni mzee gani jirani yako hujamwona nje wiki hii? Ni nini kinachomzuia? Leo jioni, nani ataenda kumjulia hali?

 

(Muziki unapanda.)