Usiifungue Bila Sababu: Matunzo ya Njia ya Hewa ya Injini ya Basi

Mada kwa semina ya mafundi, madereva na wasimamizi wa mabasi, Dodoma



Nianze na basi moja. Lililetwa kwangu miezi mitano tu baada ya oveholi. Injini ilikuwa inakula oili, briza inafuka kama jiko la mkaa bichi, na asubuhi starta inazungushwa hadi betri inachoka. Mwenye basi alikuwa ameshahukumu: fundi wa kwanza alimfungia ringi feki. Tulipofungua, ringi hazikuwa feki. Ringi ya juu ya kila pistoni ilikuwa imelika mpaka kingo zake zimekuwa kali kama wembe, na laina zimechimbika sehemu ya juu, pale ringi inapofika na kurudi. Beringi za kreki zilikuwa karibu mpya. Fundi akiona hivyo hahitaji kuambiwa zaidi. Vumbi liliingia kwa juu, pamoja na hewa. Kama lingepitia kwenye oili, beringi ndizo zingeumia kwanza.

Tukaifuata njia ya hewa kwa kupapasa. Filta ilikuwa safi sana, imepulizwa jana yake. Mbele ya filta, paipu ya mpira inayokwenda kwenye tabo ilikuwa inajisugua kwenye breketi ya chuma, upande wa chini ambako jicho halifiki. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko punje ya harage. Nikamuuliza kijana anayelihudumia basi hilo: filta mnapuliza kila baada ya muda gani? Akajibu kwa fahari, "Kila siku bosi, tukishaingia tu."

Kila siku alikuwa anaitunza filta, na hakuna siku aliyoishika paipu. Mada yangu yote imo humo.

Injini inakula nini hasa

Tumezoea kusema basi linakula mafuta. Kwa uzito, chakula kikuu cha injini ni hewa. Kilo moja ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji kilo 14 na nusu za hewa, na dizeli haiendeshwi kwa hesabu ya kubana hivyo. Siku zote hupewa hewa ya ziada. Tuchukue kiwango cha chini tu. Lita moja ya dizeli itadai hewa kama lita 10,000. Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilometa kama 830, likitumia lita 30 kwa kila kilometa 100, litachoma lita 250 hivi. Hiyo ni hewa ya meta za ujazo 2,500. Sehemu ya abiria ya basi refu la meta 12 ina meta za ujazo zipatazo 60. Kwa hiyo katika safari moja injini imemeza hewa ya kujaza mabasi zaidi ya 40, na yote imepita kwenye mdomo mmoja, filta moja, paipu moja.

Sasa fikiria hewa hiyo ikiwa ya mchepuko wa ujenzi wa barabara, mwezi wa Septemba, lori la mchanga likiwa mbele yako.

Sehemu kubwa ya mchanga na vumbi letu ni kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha laina. Kinachoua si changarawe unayoiona. Ni chembe za mikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Chembe hizo zinalingana na unene wa utando wa oili kati ya ringi na laina, kwa hiyo zinajipenyeza hapo na kufanya kazi ya msasa. Kuhusu filta, tofauti ya kukamata asilimia 99.9 na asilimia 99 mtu ataiona ndogo. Lakini ikifika kilo moja ya vumbi, filta ya kwanza inapitisha gramu moja, na ya pili inapitisha gramu kumi. Ni mara kumi. Wanaonunua filta kwa kuangalia bei na rangi ya boksi wakae na hesabu hiyo.

Upande mchafu na upande safi

Naomba tuigawe njia ya hewa vipande vitatu, kwa sababu kila kimoja kina tabia yake.

Kipande cha kwanza ni kutoka mdomoni hadi kwenye filta. Paipu ikipasuka hapa si msiba. Vumbi litaongezeka, filta itajaa mapema, lakini bado kuna mlinzi mbele. Kipande cha tatu ni kutoka kwenye tabo kupitia intakula hadi kwenye injini. Hapa hewa imeshindiliwa. Paipu ikitoboka, hewa inatoka nje kwa mluzi, basi linakosa nguvu mlimani na linapiga moshi mweusi. Dereva atalalamika kabla hajafika kituo cha pili, na mtalitengeneza siku hiyohiyo kwa sababu linawapigia kelele.

Kipande cha katikati, kati ya filta na tabo, ndicho kinachozika injini. Hapa tabo inanyonya, kwa hiyo tundu halitoi hewa, linaingiza. Hakuna mluzi wala moshi, na nguvu haipungui. Dereva anaweza hata kusema basi limechangamka. Hakuna taa ya dashibodi itakayowaka. Utakuja kujua baada ya miezi kadhaa, oili ikianza kupungua.

Kwa hiyo ukiwa na dakika kumi tu za kukagua, zitumie hapo. Zungusha tochi, kisha ingiza mkono na upapase chini ya paipu. Kaza klipu zote, ila usikaze hadi zikate mpira. Tazama mahali paipu inapogusa breketi, waya au bodi, maana injini inatikisika na bodi inatikisika, lakini hazitikisiki pamoja. Halafu vua paipu upande wa tabo na upitishe kitambaa cheupe ndani. Panatakiwa pawe pasafi. Ukikuta michirizi ya vumbi jembamba, usifunge na kuondoka. Fuata mchirizi unapoanzia, na hapo ndipo penye tundu. Na tafadhali, msipake grisi kwenye mpira wa filta eti ishike vizuri. Grisi inaficha mchirizi ambao ungekuonyesha ugonjwa.

Kuhusu kupuliza

Najua hapa tutabishana, na tubishane.

Filta mpya kabisa haichuji vizuri kama ile iliyotumika kidogo. Vumbi la mwanzo linatengeneza utando juu ya karatasi, na utando huo unaisaidia karatasi kukamata chembe ndogo zaidi. Ukiipuliza kila jioni unaubomoa utando kila jioni, na kesho yake injini inaanza tena na karatasi tupu. Ongeza kwamba kompresa zetu zinatoa paundi 120, wakati karatasi ya filta haitakiwi kupigwa zaidi ya paundi 30, tena kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa hewa ukiwa mbali kidogo. Wapo pia wanaoigonga kwenye tairi mpaka vumbi liishe. Bati la pembeni linapinda, mpira haukai sawasawa, na mlango umefunguka.

Kubwa kuliko yote ni kitendo chenyewe cha kufungua. Kila unapochomoa filta, vumbi lililolala ndani ya kopo linaanguka upande safi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku na mchana, gari linakaa gereji saa chache, na kazi hii anapewa deiwaka anayeifanya gizani kwa haraka huku upepo unavuma. Ni heri angelala.

Watengenezaji wengi hawataki filta ya nje ipulizwe hata mara moja. Mimi si mkali kiasi hicho, kwa sababu nazijua barabara zetu na najua umbali wa duka la spea. Ukilazimika, puliza mara moja au mbili katika maisha ya filta, kwa presha ndogo, kisha ingiza taa ndani yake ukiwa mahali penye giza. Ukiona nukta ya mwanga inapenya, hiyo si filta tena. Filta ndogo ya ndani haipulizwi kabisa. Hubadilishwa, kwa kawaida kila filta ya nje inapobadilishwa mara ya tatu. Na wale walioitupa ili "basi lipumue", mtajijua wenyewe.

Nitajuaje basi kama imejaa?

Swali halali, na jibu lake si macho. Filta inaweza kuonekana nyeusi na bado ina nafasi, au kuonekana safi huku imeziba kwa masizi na mvuke wa mafuta. Kinachopimwa ni nguvu ambayo injini inatumia kunyonya. Mabasi mengi yana geji ndogo kwenye kopo la filta au kwenye paipu, yenye kidirisha kinachoingia rangi nyekundu au ya manjano filta ikizidiwa, na kitufe cha kuirudisha. Mengine yana taa kwenye dashibodi. Nimekagua mabasi ambayo geji imeng'olewa na tundu lake limezibwa kwa bolti, au halikuzibwa kabisa. Hilo la pili ni tundu kwenye kipande cha katikati, na tumeshaona linafanya nini.

Asiye na geji atengeneze. Chukua mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, upinde kama herufi U, ufunge kwenye ubao, tia maji nusu, kisha unganisha ncha moja kwenye tundu la geji. Injini ikinyonya, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Pima tofauti ya upande na upande. Kwenye injini nyingi za dizeli zenye tabo kikomo ni kama sentimeta 63 za maji, yaani kilopaskali 6 na ushei. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ila usipime gari limesimama likiunguruma gereji. Tabo haivuti hewa nyingi mpaka injini iwe na mzigo, kwa hiyo kipimo cha kweli kinapatikana mlimani. Ubao mmoja wa aina hiyo unatosha kwa mabasi yote ya kampuni.

Basi si lori

Injini ya mabasi yetu mengi iko nyuma, na hilo lina gharama yake. Basi likikimbia linaacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo linalivuta vumbi la magurudumu yenyewe na kulizungusha pale pale injini inapopumulia. Ndiyo sababu watengenezaji wanaupandisha mdomo wa hewa juu, karibu na paa au ubavuni juu. Ajali ikiharibu bodi na fundi bodi akarudisha mdomo mahali rahisi, chini karibu na gurudumu, amelihamisha basi kutoka kwenye hewa na kuliweka kwenye vumbi. Msimamizi asipokee basi kutoka kwa fundi bodi kabla hajalitazama hilo.

Mpira mdogo ulio chini ya kopo la filta, ule unaofanana na mdomo wa bata, unatakiwa uwe laini na utazame chini. Kopo huizungusha hewa, chembe nzito zinatupwa pembeni, na mpira huo unazitema. Ubinye kwa vidole kila asubuhi. Hii ndiyo kazi moja ya kila siku ninayoiunga mkono, kwa sababu haifungui kitu.

Waambieni pia vijana wa kuosha magari wasielekeze mtambo wa maji kwenye wavu wa hewa. Karatasi iliyolowa inavimba na kuchanika, na maji yakifika kwenye silinda hayashindiliki. Kinachopinda ni koneksheni rodi.

Tabo ikifa, msikimbilie kufunga mpya. Oili na vipande vya chuma vimeshaingia kwenye intakula, na visipooshwa vitaingia kwenye injini siku ileile. Oili iliyojaa huko ina hatari nyingine. Injini inaweza kuichoma kama mafuta na kupanda mizunguko peke yake, na ukizima swichi haizimiki. Dereva wa gia za mkono aingize gia kubwa, akanyage breki kwa nguvu na kuachia klachi. Kama mdomo wa hewa unafikika, zibeni kwa ubao mpana; kamwe si kiganja wala tambara. Ikishindikana, teremsheni watu na mkae mbali.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nje pale, chini ya mwarobaini, nimeegesha basi la mazoezi. Filta yake ina miezi mitatu, geji haijafika nyekundu, na kitambaa nilichopitisha kwenye paipu asubuhi kimetoka cheupe. Nendeni mkapapase paipu, mkabinye ule mpira na mkasome geji. Filta iacheni ilivyo.