Kazi ya Mjumbe Wetu Jimboni



Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wale hawakuwa na fedha za kugawa. Walikuwa na sauti tu. Sheria ya 2003 ndiyo iliyotengea majimbo sehemu isiyopungua asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali.

Mwaka 2023 mjumbe wetu alitujengea madarasa mawili, akawalipia karo watoto wengi wasiojiweza. Twamshukuru kwa dhati. Lakini yatima wawili wa mwanachama mwenzetu marehemu walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tuliomba orodha ya waliosaidiwa isomwe barazani, hatukujibiwa. Chama kikawalipia yatima hao kwa akiba yetu ndogo.

Wazee wetu, fedha zile hazikuwa sadaka ya mtu. Zilikuwa kodi yetu sote. Basi kwa heshima twamwomba mjumbe wetu aje mwenyewe aisome orodha hiyo mbele yetu. Aliyetumwa na watu hurudi kwa watu.