MTU MZIMA AJICHAGULIE FILAMU
Maneno ya Katibu Mwenezi, Tawi la Kharumwa

Mliokosa kikao mmeomba niliyoyasema kuhusu filamu. Haya hapa.

Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara. Huenda alikuwa na hoja. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa, wangapi tuliiona tukapima wenyewe? Tulisikia hasira kabla ya kuona picha.

Bodi ya Filamu inatumia Sheria Na. 4 ya 1976. Wakati huo mfumo ulikuwa wa chama kimoja, na huku bara hata televisheni hatukuwa nayo. Leo mchimbaji anashuka duarani, anapiga kura, anaoa, anakopa. Ikifika filamu anachaguliwa kama mtoto.

Mtoto alindwe, hilo sina ubishi. Na ninyi wenye vibanda umiza mnaoingiza wanafunzi saa za masomo, mnatuharibia hoja!

Kenya mwaka 2018 walipiga marufuku Rafiki, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili. Sisemi muipende. Septemba Mahakama Kuu ikaifungulia siku 7, kwa watu wazima tu. Aliyetaka akaenda, asiyetaka akabaki kwake.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inatupa haki ya kutafuta na kupokea habari. Tunaomba Bodi ipange madaraja ya umri, na ikizuia filamu kwa watu wazima itoe sababu kwa maandishi. Rasimu ya barua tutaisoma tawini Jumapili. Wenye vibanda, njooni pia.