Yuan na Amana ya Dunia

Madhumuni ya mazungumzo ya leo ni kueleza namna Uchina, iliyokuwa kwa miaka mingi ikifuata kanuni za fedha zilizotungwa na wengine, ilivyoingia katika baraza la watungaji, na kwa nini sarafu yake, yuan, haijapata enzi iliyo nayo dola.

Mwezi Machi 2009, dunia ingali ikitaabika kwa msiba ulioanzia katika mabenki ya Marekani, Zhou Xiaochuan, gavana wa benki kuu ya Uchina, alitoa waraka akisema kwamba haifai akiba ya ulimwengu mzima kutegemea sarafu ya taifa moja, ambalo likitafuta maslahi yake huenda likawadhuru wengine. Akashauri itumike zaidi akiba ya pamoja iliyoanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1969. Shauri hilo lilikuwa na sababu. Tajiri wa jimbo la Guangdong aliyeuza viatu Marekani alizipeleka dola zake benki akapewa yuan, na benki kuu ikazinunua dola hizo ikaikopesha serikali ya Marekani, hata akiba ya Uchina ya fedha za kigeni ikakaribia dola trilioni 2, na mdai akawa mateka wa mdeni wake.

Mwezi huo huo Uchina ilikaribishwa katika Kamati ya Basel, ipangayo kiasi cha mtaji ambacho benki sharuti iwe nacho ili ihimili hasara ya mikopo yake. Na tarehe 1 Oktoba 2016 yuan ikaungana na dola, yuro, yeni na pauni katika kupima thamani ya akiba ile ya pamoja.

Walakini, hata baada ya taadhima hiyo, raia wa Uchina amewekewa mpaka wa kununua fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, na akitaka zaidi hudaiwa hati za kuthibitisha haja yake. Kaida hiyo si ya upuuzi, maana nchi kadhaa za Asia zilizoruhusu mapema mitaji iingie na kutoka zilifikwa na balaa la kifedha mwaka 1997. Lakini mwenye mali aghalabu haweki amana mahali ambapo kuitoa kwahitaji idhini. Basi Uchina inataka mambo mawili yasiyopatana upesi: sarafu inayoaminiwa na walimwengu, na serikali inayoamua ni lini fedha itoke. Ajaye kuuliza kama yuan itairithi dola, asihesabu viwanda wala meli. Na aulize kwanza ni lipi kati ya hayo mawili Beijing iko radhi kuliacha.