Kwa Nini Bei ya Mafuta ya Sabuni Hupanda na Kushuka?

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama watengenezaji sabuni wa Kitale na Bungoma)

 

Leo hatutaanza kwa kufundisha. Tutaanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2022 kikundi kimoja kilituuliza: "Mafuta ya kupikia sabuni yamepanda tena, tufanyeje?" Sisi wa ofisi tukajibu: "Msipandishe bei, mtafukuza wateja. Huyo mwenye duka anawapunja tu." Walitusikiliza. Wakauza sabuni yote kwa bei ya zamani, wakarudi dukani na pesa zilezile, zikanunua mafuta nusu ya yale ya kwanza. Baada ya miezi michache jiko lilizimika. Kama tungejua bei inatoka wapi, hatungewapotosha.

Haya, inatoka wapi? Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na kostiki soda. Mafuta yenyewe ni ya mnyama, yaani shahamu, au ni ya mawese. Shahamu inayouzwa duniani hutoka sana Australia, Marekani, New Zealand na Brazil. Mawese hutoka Indonesia na Malaysia. Haya mawili ni kama ndugu: moja likipanda, wenye viwanda hukimbilia lingine, nalo hupanda.

Miaka ile mambo matatu yalikutana. Viwanda vya kutengeneza dizeli kutokana na mafuta ya wanyama, huko Marekani na Singapore, viliongeza kununua shahamu. Februari 2022 vita vya Ukraine vikapunguza mafuta ya alizeti sokoni. Kisha Indonesia ikazuia kuuza mawese nje, tangu tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022. Tayari mwezi Machi tani moja ya mawese ilikuwa imepita dola 1,700. Kufikia Oktoba ilikuwa chini ya dola 1,000.

Mtauliza: mbona hapa kwetu haikushuka hivyo? Kwa sababu mwagizaji hununua kwa dola, na sisi tunalipa kwa shilingi. Tuseme tani ni dola 1,000. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113, basi kilo ni shilingi 113. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kilo ileile sasa ni shilingi 160, na huko ng'ambo hakuna aliyeongeza hata senti! Baadaye mwaka huo dola ikarudi karibu 129. Na hapo hatujahesabu meli, ushuru, bandari ya Mombasa, wala lori la kuyapandisha hadi huku.

Mama mmoja wa Bungoma alisema: "Basi tununue mafuta ya kichinjio chetu." Ni shauri jema, lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, mwenye bucha naye ana masikio. Ya dukani yakipanda, atapandisha yake. Pili, mafuta mabichi yana maji na ngozi. Yapimeni baada ya kuyeyusha na kuchuja, ndipo mjue kilo moja imewagharimu ngapi hasa. Kostiki soda nayo ipimwe kwa mizani, si kwa kikombe. Kilo moja ya shahamu huhitaji karibu gramu 135. Ikizidi, sabuni itaunguza mikono ya mteja, naye hatarudi.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Kabla ya kupanga bei ya kipande, ulizeni mafuta ni pesa ngapi leo, msitazame yale mliyonunua mwezi uliopita. Mkishauza, ondoeni kwanza pesa za mafuta na soda za jiko lijalo, mziweke kando. Hizo si faida, hata kama karo inadaiwa. Kinachobaki ndicho mgawane.

Kikundi kile kimewasha jiko tena, dogo kuliko la kwanza. Safari hii daftari wanashika wao wenyewe, na sisi tukitoa shauri hutuambia kwanza: "Hebu tupige hesabu." Nanyi mtufanyie hivyo hivyo.