Northern Dancer na Tatizo la Damu Moja: Mada kwa Semina ya Wafugaji wa Farasi wa Mbio



Nimeombwa nieleze historia ya dume mmoja bingwa, uwanjani na zizini. Dume la mbegu, daftari la nasaba na ada ya kupandisha mnavijua. Sitawachosha kwa fasili. Nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa idara ninayoitumikia.

Northern Dancer alizaliwa Mei 27, 1961, Oshawa, Kanada, katika shamba la E. P. Taylor. Alikuwa mfupi, tena alizaliwa msimu umekwisha kusonga. Aliponadiwa kwa dola 25,000 hakuna aliyemtaka. Mwaka 1964 alishinda Kentucky Derby kwa dakika mbili kamili, rekodi iliyosimama hadi Secretariat alipoivunja mwaka 1973. Akatwaa Preakness, akawa wa tatu Belmont, akarudi kwao kuchukua Queen's Plate. Mbio 18, ushindi 14. Mguu ukamstaafisha.

Zizini alianza kwa ada ya dola 10,000; miaka ya 1980 ilifika milioni moja. Mwanawe Nijinsky alitwaa mataji matatu ya Uingereza mwaka 1970. Mwingine, Sadler's Wells, aliongoza orodha ya madume wa Uingereza na Ireland mara 14, na Galileo, mwana wa Sadler's Wells, mara 12.

Tatizo langu linaanzia hapo. Mtazameni dume Danehill: babu yake upande wa baba ni Northern Dancer, aliyezaliwa na Natalma, na bibi yake upande wa mama naye alizaliwa na Natalma huyohuyo. Danehill akapandisha Ireland, kisha akasafirishwa kwa ndege hadi Australia kupandisha msimu wa huko. Uhimilishaji umepigwa marufuku kwa farasi hawa, na zamani marufuku hiyo ilikuwa breki tosha. Siku hizi altrasaundi inaonyesha siku ya jike kupandwa, dume hapotezi nguvu, na maarufu hupandisha majike zaidi ya 150 kwa msimu, wengine hata 200. Watoto wa Northern Dancer maisha yake yote hawakufika 700! Basi tusimsingizie mzee.

Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani ilipitisha ukomo wa majike 140 kwa madume waliozaliwa kuanzia mwaka huo. Mashamba makubwa yalikwenda mahakamani yakidai kwamba kanuni inavunja sheria ya ushindani, na Februari 2022 ikafutwa. Sina mamlaka ya kujadili sheria hiyo. Ila nimeketi vikao vingi ambako kila mtu anakubali kwamba damu inabana, kisha anauliza bei ya mtoto wa dume yuleyule.

Kwa hiyo napendekeza ukomo urudi, hata ukiwa wa hiari kwanza. Daftari la nasaba lichapishe idadi ya majike wa kila dume kabla msimu haujafungwa. Undugu upimwe kwa vizazi kumi au kwa vinasaba, kwa sababu Northern Dancer sasa anatoka nje ya karatasi ya vizazi vitano, na mnunuzi anadhani hayumo. Madume wa koo adimu wapunguziwe ada. Wanaosafirishwa kati ya nusu mbili za dunia wahesabiwe misimu yote miwili pamoja. Na ukomo, narudia, urudi. Kama 140 ni ndogo mno kwa wenye mashamba, waje na tarakimu yao tuijadili.