Malipo madogo ya awali na nyumba za mnada Nansha

Nansha ni wilaya iliyoko kusini kabisa mwa mji wa Guangzhou, China, mahali Mto Zhujiang unapoingia baharini. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa eneo jipya la ngazi ya taifa, na majengo mengi ya makazi yakainuka. Lakini soko la nyumba nchini China lilidorora kuanzia mwaka 2021. Wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo waliona makazi yao yakipigwa mnada kwa amri ya mahakama.

Kanuni za Mahakama Kuu ya Umma ya China, zilizoanza kutumika mwaka 2017, zinaagiza kuwa mnada wa kwanza kwenye mtandao wa intaneti usianze chini ya asilimia 70 ya thamani ya nyumba. Hivyo nyumba ya yuan milioni 1 huweza kuanzia yuan 700,000. Asipopatikana mnunuzi, mnada wa pili hauruhusiwi kuanza chini ya yuan 560,000.

Mwezi Mei mwaka 2024, serikali ya Guangzhou ilipunguza malipo ya awali ya mkopo wa nyumba ya kwanza kutoka asilimia 30 hadi 15. Nafuu hiyo ni kubwa kwa familia changa. Hata hivyo, mnadani dhamana hutangulia, na mshindi asiyelipa salio kwa wakati huipoteza. Basi anayetaka kununua sharti kwanza aikague nyumba, ajue kama ina mpangaji, na aafikiane na benki.

Wahenga walisema, kufa kufaana.